Fundi Hafidhi Arudi Sakafuni

Hafidhi Mbwana ni fundi makochi, na pale Majengo, Moshi, watu hawalitaji jina lake kabla ya kugeuka nyuma kuangalia kama yuko karibu. Si kwamba ana mkono mwepesi. Ni mdomo. Ukipita mbele ya karakana yake umevaa suruali mpya, atakuuliza nani amefariki mpaka ukarithi nguo. Ukipita na mke mpya, Mungu akusaidie.

Asili yake ni ya mjini, yaani ya kila mahali. Babu yake alikuja na reli kutoka upande wa Pangani, akaoa Mpare wa Same. Mama yake Hafidhi alishuka kutoka Machame akiwa Mlutheri, akasilimu kwa ajili ya ndoa, na kaka zake wakachukua muda mrefu kumsamehe. Mtu mwingine angetoka kwenye mchanganyiko huo akiwa na huruma kwa kila kabila. Hafidhi alitoka na dharau kwa kila kabila. Akiwa na Wachaga hujifanya mtu wa pwani, ingawa bahari ameiona kwenye harusi za watu tu. Akiwa na watu wa pwani husema damu ya Machame haijui kulala mchana.

Kazi anaijua, hilo hata adui zake wanakubali. Kochi lililopita mikononi mwake halilegei, na kitambaa anakivuta mpaka kinalia kama ngoma. Lakini tazama alivyoifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Kigoda kifupi, mgongo umepinda kama ndoana, shingo imetangulia mbele kuliko mtu mwenyewe, misumari midogo imebanwa midomoni, na pumzi anaivuta juu juu, kifuani tu, kama mtu anayeiba hewa ya jirani. Jioni anasimama kwa awamu. Kwanza anashika meza, halafu anashika kiuno, halafu anamtukana aliyetengeneza meza.

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akiwasimanga wagonjwa. Ugonjwa, alisema, ni uvivu uliopewa jina na daktari. Kisukari ni ulafi. Presha ni deni. Maumivu ya mgongo ni kazi ambayo mtu hakutaka kuifanya. Mkewe, Shida, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kugoma kwenye ngazi, aliyasikia hayo kila jioni akiwa anapakua chakula, na alikwishaacha kumjibu. Shida ni mwanamke wa maneno machache. Nyumba yenye mdomo mmoja wa namna ile haihitaji wa pili.

Kamati ya msikiti wetu ilipoamua kuweka viti kwa ajili ya wazee wasioweza kurukuu na kusujudu, kazi ilipewa Hafidhi. Alivitengeneza vizuri, vyenye mito myembamba ya rangi ya kijani, na siku ya kuvileta akavipanga mwenyewe ukutani huku akimweleza kila mmoja maoni yake. Aliwaita watakaovikalia "abiria". Alisema wamekaa wanasubiri gari la makaburini, na kwamba mtu aliyeshindwa kumwinamia Mola wake angalau angebaki nyumbani asiwazibie watu njia. Abiria wa kwanza alikuwa Khamisi, muuza samaki anayeleta mizigo kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Magoti yake yameharibiwa na kubeba matenga. Khamisi alikaa, akasema viti ni vizuri, akamshukuru fundi. Hafidhi alichukulia shukrani hiyo kama ushindi. Kuna watu hawawezi kutofautisha adabu na kushindwa.

Haikupita mvua moja ya masika.

Ilikuwa Ijumaa. Hafidhi alikuwa safu ya pili, mahali anapopenda kuonekana. Alishuka kusujudu kama wengine, na imamu alipotoa takbira watu wakainuka, yeye hakuinuka. Kitu kilikuwa kimefunga chini ya mgongo, kama kitasa. Alijaribu kusukuma kwa mikono, na maumivu yakampiga mpaka kwenye paja. Baadaye alimwambia mkewe kwamba pale chini alisikia miguu ya watu, alisikia harufu ya zulia, na alisikia moyo wake mwenyewe kwenye masikio, na akadhani kufa ndivyo kunavyokuwa.

Waliokuwa nyuma yake walimwona amebaki chini, na hapa ndipo unapowajua watu wetu. Badala ya kufikiri kwamba mzee ameumia, wakafikiri amezidiwa na ucha Mungu. Kijana mmoja alisimulia kwamba alipata aibu kwa sajda zake fupi. Imamu akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, watu wakaanza kuvaa viatu, na Hafidhi bado paji la uso liko kwenye zulia. Aliyegundua ni Khamisi, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti huona migongo yote. Aliinama kwa shida yake, akamsikia Hafidhi ananong'ona kwamba asimguse. Wakambeba wanne, amekunjika vilevile, kama meza ambayo miguu yake haikunjuki.

Sasa, Moshi ni mji wa watu wenye dawa. Hakuna anayeumwa hapa akakosa mtu wa kumwambia shemeji yake alipona kwa dawa gani. Ndani ya wiki hiyo Hafidhi alichomwa sindano kwenye duka la dawa, akalala siku nzima kama mtoto, akaamka na maumivu yaleyale. Akasuguliwa mafuta na mzee mmoja wa Sanya Juu aliyedai ni ya chatu, ingawa yalinuka kitunguu saumu na mafuta ya alizeti. Mkwewe Shakiru, mume wa binti yao Maulida, alimshauri ajiunge na klabu ya jogging. Shakiru ni mwenyekiti wa klabu hiyo. Kila Jumamosi alfajiri wanakimbia na bendera na filimbi, nyuma yao kuna gari lenye spika, fulana zote za rangi moja, wanawaamsha watu waliofanya kazi ya usiku. Wakifika mwisho wanakaa kwenye supu ya mbuzi na chapati na soda mpaka saa tano, halafu wanarudi nyumbani kwa bodaboda. Tumbo la Shakiru limekuwa likikimbia mbele yake tangu klabu ilipoanzishwa na halijawahi kuachwa nyuma. Kwenye hili tu nilikubaliana na Hafidhi alipomwambia mkwewe kwamba hajawahi kuona watu wakikimbilia chakula kwa mpangilio mzuri kiasi kile.

Aliyemshika barabara ni Gabriel, wa Himo. Huyu anajiita Dokta. Ana chumba juu ya duka la vipuri, koti jeupe, na mashine anayosema imetoka nje, ambayo mgonjwa anashika fimbo ya chuma na mashine inasoma mwili mzima kuanzia nywele hadi kucha. Hafidhi, mtu ambaye hakuwahi kumwamini hata muuza nyanya, alishika fimbo ile akatulia kama yuko mbele ya kadhi. Karatasi ikatoka. Ini limechoka, figo zina mchanga, damu ina mafuta, na mfuko wa uzazi umeshuka kidogo. Shida ndiye aliyeisoma kwa sauti. Gabriel akaichukua haraka, akasema mashine ilikuwa haijatoka kwa mteja aliyetangulia, kisha akamuuzia Hafidhi mkanda wa sumaku na chupa za vidonge vya kusafisha. Na Hafidhi akanunua! Alijua mashine imemwita mwanamke, na bado akanunua, kwa sababu tiba ilikuja na koti, waya na maneno magumu. Watu wa aina yake hawaamini kitu kinachoeleweka.

Aliuvaa mkanda ule mpaka ukamtoa malengelenge. Ndipo Shida alipomchukua, bila kumwomba ruhusa, akampeleka hospitali. Picha ilionyesha mifupa ya mtu wa umri wake, hakuna kilichovunjika wala kilichohama. Daktari akamwelekeza kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, na humo wakamkuta Redempta.

Redempta ni mama wa makamo kutoka Kibosho, mpole, mwenye lafudhi ya mlimani isiyojificha. Alimwamkia mzee shikamoo, akamtazama anavyoingia, anavyokaa, anavyojaribu kuinuka. Kisha akatandika mkeka chini akamwomba alale chali, magoti yakunjwe. Kumshusha tu kulichukua muda na kulaani kwingi.

"Mzee, unapumulia wapi?" aliuliza.

"Puani. Kwani nyie Kibosho mnapumulia wapi?"

Redempta hakucheka wala hakuchukia. Alichukua mkono mmoja wa Hafidhi akauweka kifuani, wa pili tumboni, akamwambia avute pumzi. Kifua kikapanda, mabega yakapanda mpaka kwenye masikio, mkono wa tumboni haukutikisika kabisa. Lile tumbo lilikaa kama gunia la saruji. Redempta akamweleza kwa maneno ya kawaida kwamba pumzi ikiingia vizuri hushuka, na ikishuka hulishika shina la mwili kwa ndani, mbele, nyuma na ubavuni. Isiposhuka, misuli ya mgongo inabaki kubeba kila kitu peke yake, na ikichoka inajifunga kwa hofu. Halafu akamwonyesha ya kufanya nyumbani, asubuhi na jioni. Alale hivyo, afunge mdomo, avute kwa pua taratibu mpaka mkono wa tumboni uinuke, aachie taratibu zaidi. Akishazoea, ainue kichwa na kukishusha, akigeuze huku na huku kama anayemtafuta mtu. Kisha ajigeuze kutoka mgongoni hadi tumboni bila kujirusha, apige magoti na viganja, arudishe makalio nyuma kuelekea visigino na kurudi mbele, kama kitanda cha kubembelezea mtoto. Mwisho wa yote, atambae.

"Nitambae," alisema Hafidhi.

"Mkono wa kulia na goti la kushoto. Kisha upande mwingine. Polepole, na usibane pumzi."

Hafidhi akauliza dawa iko wapi. Redempta akasema ndiyo hiyo. Akauliza mashine iko wapi. Redempta akajigusa kifua chake mwenyewe, akasema kila mtu amekuja na ya kwake. Njia nzima ya kurudi Majengo Hafidhi alikuwa anachemka. Alimwambia dereva wa bajaji, ambaye hakuuliza, kwamba amelea watoto, amejenga nyumba, amekalisha nusu ya mji huu kwenye makochi, leo amepanda hadi hospitali ili mwanamke wa Kibosho amwambie atambae. Karatasi ya Gabriel iliyompa mfuko wa uzazi haikumuudhi kiasi hicho.

Basi akakaa na maumivu yake. Ijumaa zilizofuata alisali kwenye kiti, kimojawapo cha vile vya kijani, na abiria wenzake walimpokea. Hakuna aliyemkejeli. Khamisi alimsogezea kiti chenye mto mzima, akamuuliza mgongo unaendeleaje, na kwa Hafidhi upole huo ulikuwa mchungu kuliko shubiri. Angependa watukane, kwa sababu matusi alikuwa na akiba ya kuyajibu. Alikaa pale juu, watu wote wameshuka, akaona migongo safu kwa safu, na akatazama ukutani.

Shida, kwa upande wake, alikuwa mle chumbani siku ile, na alikuwa na masikio. Hakumwambia mtu. Mumewe akishaenda karakanani kuwafokea wafanyakazi, yeye alifunga mlango, akatandika khanga chini, akaweka mkono tumboni. Nafasi ndiyo ilikuwa tatizo. Mnajua vyumba vyetu vya kukaa. Kochi la watu watatu, la wawili, la mmoja na la mmoja, meza katikati yenye kitambaa cha kufuma, stuli za wageni chini ya meza, na mtu anapita kati yake kwa ubavu kama kaa. Nyumba ya fundi makochi ni mbaya zaidi. Kila kochi ambalo mteja alilikataa limekuja kufia humo. Tumezijaza nyumba zetu vitu vya kukalia, sakafu imeisha, halafu tunashangaa kwamba mtu mzima akidondosha sindano anamwita mtoto aiokote. Shida alisukuma alichoweza kusukuma, akapata ujia wa kutambaa kutoka mlangoni hadi kabatini, na hapo akafanya alichosikia.

Mumewe alimkuta siku moja aliporudi mchana kutafuta mkasi. Mkewe, bibi wa wajukuu, yuko kwa mikono na magoti kati ya makochi. Hafidhi alicheka mpaka mgongo ukamkamata, akashikilia fremu ya mlango. Akamuuliza amepoteza nini, akili au hereni.

Shida aliendelea mpaka kabatini, akageuka, akakaa juu ya visigino vyake, goti lake bovu limekunjwa kabisa, na hapo ndipo Hafidhi alipoacha kucheka.

"Cheka," alisema Shida. "Juzi nimechutama nikafua shuka zote, nikainuka bila kushika ukuta. Baba Maulida, mara ya mwisho wewe umechutama lini?"

Hafidhi alichukua mkasi akaondoka. Siku ya pili asubuhi hakwenda kazini mapema. Alimngoja mkewe aende sokoni, akafunga mlango, akashusha mapazia, akajilaza palepale alipomwona mwenzake. Alimsimulia Shida baadaye kwamba siku za mwanzo alikuwa analala tu na mkono tumboni, anavuta, hakuna kinachotokea, anajitukana, anavuta tena. Halafu asubuhi moja mkono ukapanda. Kidogo tu. Alisema alilia, kisha akasema hakulia, ni vumbi la sponji.

Alichokiogopa kuliko maumivu ni kuonekana. Lakini huwezi kufunga madirisha mchana Majengo na ukaachwa na amani. Sisi ni watu tusiojua jina la mjumbe wetu lakini tunajua jirani amepika nini kwa harufu. Mwanzoni ikasemwa Hafidhi amefilisika anajificha. Kisha ikasemwa anafuga jini. Kisha jirani mmoja, ambaye nitamsitiri kwa kuwa bado ninamuazima ungo, alipata tundu kwenye pazia, akachungulia, akamwona mzee wa watu amevaa kikoi na singlendi, anatambaa sakafuni taratibu na kichwa juu, anapumua kwa sauti. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba fundi Hafidhi anapandwa na pepo wa mnyama. Walikuwepo waliotaja na mnyama gani.

Jioni ile Khamisi na wazee wawili wa msikitini walifika kwa nia njema, wamebeba chupa ya maji ya kusomea. Wakamkuta yuko peke yake. Wakamwambia kwa upole kwamba habari imewafikia, na kwamba haya mambo yapo, si aibu, yeyote yanaweza kumpata.

Hapa mtu mwenye akili timamu angesema ukweli. Angesema, jamani, nilifundishwa mazoezi hospitali, mgongo unapata nafuu. Hafidhi alifikiri, akapima, akaona afadhali pepo. Kupandwa na pepo kuna ukubwa wake. Kufundishwa kutambaa na mwanamke wa Kibosho hakuna. Akainamisha kichwa, akawaacha wamfunike shuka, wakaanza kumsomea. Walimsomea kwa bidii. Mmoja alimmwagia maji utosini akimwamuru aliyemo ajitaje jina, na Hafidhi, chini ya shuka, akakaa kimya kama mtu mwenye siri nzito.

Shida aliingia na kikapu cha ndizi, akawatazama wote wanne. Alipoelezwa, aliweka kikapu chini.

"Hana pepo," alisema. "Ana kiuno."

Akawasimulia yote palepale, hospitali, mkeka, pumzi, kutambaa, na kwamba yeye mwenyewe anafanya. Hakuacha hata karatasi ya Gabriel. Mzee mmoja alilazimika kutoka nje kucheka. Hafidhi alibaki chini ya shuka kwa muda, nadhani akitumaini kwamba nyumba itaanguka.

Khamisi hakucheka. Aliuliza kama goti nalo linasikia. Shida akamwambia mumewe ainuke amwonyeshe mwenzake, na Hafidhi, akiwa amelowa maji ya dua, akamlaza Khamisi chini, akamwekea mkono tumboni, akaanza kumfundisha. Alimfundisha kwa lugha yake. Alimwita gogo, akamwita samaki wa jana, akamwambia anavuta pumzi kama anayeinunua. Lakini alimfundisha vilevile alivyofundishwa, hatua kwa hatua, hakuruka kitu. Inaonekana siku ile hospitali, katikati ya hasira zote, alikuwa anasikiliza.

Mwaka ulipogeuka, Hafidhi alikuwa amerudi kwenye zulia. Kwanza alisujudu akisaidiwa na mkono, baadaye bila mkono. Kigoda kifupi alikitupa, akainua meza ya kazi, na misumari sasa anaiweka kwenye bati, si mdomoni. Mdomo ukiwa huru ndiyo tumeangamia. Maana sasa amekuwa mwalimu. Haketi mtu karakanani kwake bila kuulizwa tumbo lake linafanya nini. Mteja anakuja kuchagua kitambaa, anaambiwa anapumua kwa mabega kama kuku mwenye mdondo. Amemwambia Shakiru avunje klabu, auze spika, awalaze wanachama wote chini uwanjani kwa nusu saa. Na anaposimulia, yeye ndiye aliyegundua. Kwa masimulizi yake, alikaa, akatafakari, akaona jinsi mtoto anavyokua, akajitibu. Wanafunzi wake nao wako vilevile. Wanakuja wiki ya kwanza wengi, wiki ya pili wanabaki wawili, kwa sababu kitu hakina chupa wala lebo, hakina uchungu wa kumeza. Wengi wamerudi kwa Gabriel, ambaye nasikia amenunua mashine ya pili. Khamisi ndiye aliyeendelea. Goti lake halikupona lote. Siku za baridi bado anakaa kwenye kiti, siku nyingine anashuka, na hajamtangazia mtu.

Shida hamkosoi mumewe mbele za watu. Lakini walikutana na Redempta sokoni Mbuyuni, akiwa anachagua viazi, na alipomuuliza mzee anaendeleaje, Hafidhi alianza kusema kwamba alitafakari mwenyewe. Shida akamkatiza, akamshukuru yule mama kwa jina lake, akamtilia chane ya ndizi za mchare kwenye kapu. Redempta alimwambia Hafidhi anafurahi kumwona amesimama wima. Hafidhi akasema, "Sikuwa mgonjwa sana," akaenda kugombana na muuza vitunguu.

Mwezi uliopita mjomba wake wa Machame alifariki, wa mwisho katika wale kaka waliomsusa mama yake. Wakapanda yeye na Shida. Watu walikuwa wengi kihambani, kwenye shamba la ukoo, viti chini ya turubai vimeisha, na vijana wa pale walipomwona mzee wa mjini amesimama wakaanza kukimbizana kutafuta kiti, kwa aibu. Hafidhi akawapungia mkono. Akaenda pembeni, kwenye nyasi chini ya migomba, akashuka taratibu akaketi, akakunja miguu. Ndugu za mama yake wakamtazama. Mzee mmoja, kijana kuliko yeye, alikuja akasimama na fimbo yake, akasema huku kwetu mgeni haketi chini. Hafidhi akamjibu kwamba mgeni anaketi anapoweza kuinuka, na kwamba kwa anavyowaona wao, wengi wangebaki pale mpaka msiba ujao. Msibani! Lakini yule mzee akacheka, na baada ya kitambo akakabidhi fimbo yake kwa mtu, akajaribu kuketi naye. Walimshika watu wawili. Wakala ndizi za machalari pamoja palepale chini, na Hafidhi akamhoji kuhusu tumbo lake.

Wakati wa kuondoka aliinuka mwenyewe. Alishika goti kidogo. Shida aliona, akatazama pembeni.

Barabara ya kushuka kutoka kihambani hadi yanapopita magari ni ndefu na ina miteremko na miinuko. Kwenye mwinuko mmoja Hafidhi alikuwa bado anazungumza, anawachambua mmoja mmoja wale ndugu za mama yake, nani anapumua kwa mabega, nani atafuata, nani mke wake anampikia mtori mzito bure. Sauti ikaanza kukatika.

"Baba Maulida," alisema Shida, bila kugeuka. "Pumua kwanza."

Akafunga mdomo, akavuta kwa pua. Walipanda hivyo hivyo, bila neno, na ng'ombe wa watu walikuwa wanalia ndani ya vibanda vyao kwa sababu jioni ilikuwa imefika na majani hayajaletwa.